Kabla hujachimba kisima: jinsi ya kupima fimbo ya mtafuta maji bila kujidanganya

Karibu kila anayeniambia kwamba alimpima mtafuta maji wa fimbo, yaani mzee anayeamini kwamba fimbo yake huinama juu ya maji yaliyofichika, na mzee akafaulu, alikosea mahali palepale. Alimtembeza mzee juu ya bomba ambalo yeye mwenyewe analijua, akasimama pembeni akitazama, na fimbo ikainama papo hapo. Mwingine alimfunga macho lakini akaendelea kumshika mkono asijikwae. Mwingine alificha dumu la maji kwa mkono wake, halafu akatembea na mzee bega kwa bega. Majaribio hayo yote yalipima kitu, ila hayakupima fimbo. Yalipima uso wa mwenye shamba.

Naandika kwa sababu kosa hili linakula fedha za watu. Kwenye kiwanja cha mama yangu mdogo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mtambo ulichimba mita 90 pale fimbo ilipoinama. Kilichotoka kwa siku mbili ni vumbi la kijivu. Fedha ile ilikuwa ya mifugo aliyouza.

Kanuni ya jaribio zima ni moja, ishike kichwani: anayejua hayupo, aliyepo hajui. Kila hatua hapa chini inailinda kanuni hiyo.

## Utakavyohitaji

- Watu wanne: mtafuta maji, mfichaji, shahidi wa mfichaji, na karani.
- Dumu moja la lita 20 lililojaa maji, limekaushwa nje, kifuniko kimekazwa.
- Maboksi 10 makubwa yanayofanana, kila moja liweze kufunika dumu zima. Yaandike namba 1 hadi 10.
- Mawe 10 ya kukandamiza maboksi, upepo usiyapeperushe.
- Turubai au mikeka ya kutandika chini.
- Vikaratasi 10 vyenye namba, vikunjwe sawasawa, na kofia ya kuvitia.
- Daftari mbili na kalamu mbili.
- Filimbi, au sufuria na mwiko.
- Futi ya mita 50, kamba ya mita 40, kitambaa kizito cheusi na vigingi vichache (kwa hatua ya 7).
- Pete na uzi wa cherehani (kwa hatua ya 1).

Tenga asubuhi nzima. Jua likishakuwa kali watu huchoka, na aliyechoka huanza kupunguza masharti.

## Hatua ya 1: Anza na mkono wako mwenyewe

Funga pete kwenye uzi wenye urefu kama wa shubiri mbili. Egemeza kiwiko mezani, ning'iniza pete juu ya glasi, na jitahidi mkono usitikisike. Sasa waza pete iende mbele na nyuma. Usiisukume, waza tu. Baada ya nusu dakika hivi itaanza kwenda. Waza izunguke, nayo itazunguka.

Mkono wako umeisukuma, na wewe hukuhisi. Misuli hufanya miondoko midogo mno kufuata kile akili inachotarajia. Mkemia Mfaransa Chevreul alilieleza jambo hili mwaka 1833, na akaona kwamba mtu akizibwa macho ule mwendo hufa. Fimbo ya panda inayoshikwa kwa kuvutwa pande zote mbili iko kama mtego uliotegwa: kiganja kikigeuka kidogo tu, inaruka chini kwa nguvu. Nyaya mbili za shaba zilizokunjwa nazo zikiinamishwa kidogo huja kupishana zenyewe.

Kwa nini hatua hii: usipoipitia, utamwona mzee kuwa tapeli, na utamkosea. Wengi wa wazee hawa hawadanganyi. Wanahisi fimbo inavutwa, na wanasema wanachohisi.

Umefaulu ukiona: pete inazunguka na wewe mwenyewe unashangaa.

## Hatua ya 2: Kaa na mzee, mkubaliane, muandike

Nenda kwake kwa heshima. Mwamkie, mweleze kwamba unataka kuchimba na fedha ni ndogo, hivyo unaomba kuona fimbo ikifanya kazi kabla ya kulipa. Mlipe siku yake ya kazi hata kama atashindwa. Anayekuja kupimwa bure huja akiwa na kinyongo.

Kisha muulize maswali manne, na majibu yake yaandikwe:

1. Fimbo yako inayasoma maji yaliyo kwenye chombo, au ya ardhini tu?
2. Ni kitu gani kinachoizuia? Simu, chuma, mawingu, watu wengi?
3. Unahitaji nafasi kiasi gani kati ya chombo na chombo?
4. Katika mara kumi, utapata ngapi?

La nne ndilo muhimu kuliko yote. Wengi husema tisa au kumi. Andika namba aliyoitaja, aweke saini au dole gumba, nawe saini.

Kwa nini: sababu za kushindwa hupatikana kwa wingi baada ya kushindwa. Jua lilikuwa kali, kuna mtu ana nia mbaya, kuna nyaya za umeme juu. Ukiziuliza mapema unaziondoa zote: simu zikae ndani, chuma kitolewe, watu wapungue. Asubuhi ya jaribio muulize tena, mbele ya mashahidi, kama pana jambo lolote linalomzuia leo. Likiwepo, ahirisha.

Onyo: asiwepo mtu anayenong'ona habari za uchawi, ama kumsifu mzee ama kumtuhumu. Katika nchi yetu maneno hayo yamewagharimu wazee maisha yao. Ukisikia mtu anayaanzisha, mtoe uwanjani. Na video ya mzee akishindwa haiendi kwenye kundi lolote la simu.

## Hatua ya 3: Andaa uwanja

Chagua sehemu tambarare. Fagia, tandika turubai, panga maboksi 10 kwa mstari, mita tatu kati ya moja na jingine. Karani na mzee wakae mahali wasipoweza kuuona uwanja wala kusikia dumu likiburutwa. Nyuma ya nyumba panatosha ikiwa hakuna dirisha.

Mtazamaji yeyote achague upande mmoja: akae na mfichaji na asionekane tena mpaka mwisho, au akae na karani na asijue lolote. Watoto ndio huvuruga mara nyingi zaidi. Mtoto aliyeona dumu likiwekwa atalitazama boksi lile kila mzee akilikaribia, na mzee ataona.

## Hatua ya 4: Raundi tatu za wazi

Weka dumu chini ya boksi lolote, kila mtu akiona, mzee naye akiona. Apite na fimbo. Rudia mara tatu katika nafasi tatu tofauti. Kisha muulize: fimbo imefanya kazi? Unaisikia kama siku zote? Karani aandike jibu.

Watu huiruka hatua hii wakidhani ni kupoteza muda. Ukiiruka, umepoteza jaribio. Hapa ndipo mzee mwenyewe anathibitisha kwamba dumu hili, uwanja huu, siku hii na watu hawa havina kasoro. Tofauti kati ya raundi hizi na zinazofuata itakuwa moja tu: sasa anajua maji yalipo, baadaye hatajua.

Umefaulu ukiona: fimbo imeinama mara tatu juu ya maji, na mzee amesema ameridhika. Asiporidhika, usiendelee.

## Hatua ya 5: Raundi kumi

Kila raundi iende hivi, bila kubadilisha hata kidogo:

1. Mfichaji na shahidi wake wako uwanjani peke yao. Shahidi anachomoa kikaratasi kwenye kofia. Namba inayotoka ndiyo nafasi ya dumu.
2. Wanaliweka dumu, kisha wanainua na kurudisha maboksi yote 10, moja moja, na mawe yake. Alama za kuguswa zienee kote.
3. Wanaandika namba kwenye daftari lao. Kikaratasi kinarudishwa kofiani.
4. Wanaondoka uwanjani kabisa, upande wa pili. Wakishajificha, wanapiga filimbi.
5. Mzee anakuja na karani. Karani anatembea nyuma yake, si mbele wala ubavuni.
6. Mzee anachukua muda anaoutaka, anataja namba moja. Karani anaiandika kwa wino. Hakuna boksi linaloguswa.
7. Wanarudi nyuma ya nyumba. Filimbi. Raundi inayofuata.

Kikaratasi kinarudishwa kofiani ili namba iliyotoka iweze kutoka tena. Kisiporudi, mzee mwenye kumbukumbu nzuri ataanza kuondoa zilizokwisha, na utakuwa unapima hesabu yake.

Kura inapigwa kwa sababu mtu akichagua mwenyewe huegemea katikati na hukwepa kurudia namba. Mzee aliyeishi na watu miaka 60 anayajua hayo bila kufundishwa.

Maboksi hayafunuliwi mpaka mwisho, kwa sababu raundi moja iliyofanikiwa huleta makofi, na iliyoshindikana huleta mabishano. Yote mawili hubadilisha raundi inayofuata.

Onyo: mfichaji asije kuchungulia hata mara moja. Najua hamu inavyouma. Lakini akichungulia, raundi hiyo ifutwe.

## Hatua ya 6: Fungua madaftari, hesabu

Wote wakae pamoja, madaftari mawili yawekwe sambamba, mtu asome kwa sauti: raundi ya kwanza, maji yalikuwa 7, mzee alisema 3. Endelea hadi ya kumi.

Anayebahatisha tu, katika nafasi 10 na raundi 10, hupata kama moja kwa wastani. Kupata mbili hakushangazi. Kupata tatu au zaidi kwa bahati hutokea kama mara 7 katika kila majaribio 100. Nne au zaidi, kama mara moja katika 80. Tano au zaidi, kama mara moja katika 600.

Kwa hiyo weka mpaka kwenye tano, na uuandike katika hatua ya 2. Mzee aliyesema atapata tisa hawezi kulalamika kwamba tano ni nyingi.

Akipata tano au zaidi, usimlipe bado na usimcheke. Rudieni siku nyingine na mfichaji mwingine. Akipata tena, umeona jambo ambalo halijawahi kuonekana kwenye jaribio la namna hii likarudiwa, na litafutie wataalamu.

Na kuna kosa moja ambalo hata wasomi walilifanya. Mwaka 1987 na 1988, karibu na München, Ujerumani, watafuta maji 43 waliochujwa kutoka kama 500 walipimwa ndani ya banda la ghorofa mbili: bomba la maji likisogezwa chini kwa mkokoteni, wao wakitembea juu. Kwa jumla walikosa vibaya, lakini waandaaji walichagua sita waliofanya vizuri na kutangaza kwamba kipaji kipo. Mwanasayansi Jim Enright aliyapitia matokeo hayo upya na kuonyesha kuwa hata hao sita hawakuweza kurudia ubora wao. Watu wakiwa wengi, lazima wawepo waliobahatika. Kwa hiyo usiseme "raundi ya nne na ya nane alikuwa karibu sana". Karibu haihesabiwi.

Mzee niliyempima mimi alikuwa na kijiti cha mpera, panda kama ya manati. Katika raundi za wazi kilivuta chini hadi gamba likamchubua kiganja, nikaona wekundu. Katika raundi kumi za kura alipata moja. Alichukua daftari la mfichaji, akapitisha kidole kwenye kila mstari, akarudi kwenye raundi ya sita, akakaa kimya. Kisha akaniambia, "Mwanangu, lakini nilivyoisikia ilikuwa ileile." Nilimwamini, na bado namwamini. Ilikuwa ileile kwa sababu iliyokuwa ikiinamisha fimbo ni mikono yake, alipojua na alipodhani.

## Hatua ya 7: Akisema fimbo husoma maji ya ardhini tu

Ni jibu halali, mradi amelitoa katika hatua ya 2 na si baada ya kushindwa. Huhitaji kuchimba ili kulipima, kwani mkondo wa maji ulio chini hauhami kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Tandaza kamba ya mita 40 kwenye kiwanja. Mzee apite macho wazi na ataje sehemu moja yenye mvuto mkubwa kuliko zote. Pima umbali wake kutoka mwanzo wa kamba, andika, ondoa alama, fagia nyayo.

Sasa mfunge kitambaa. Mtu asiyejua ile sehemu ampeleke mwanzo wa kamba uliochaguliwa kwa kura: mara upande huu, mara ule, mara akianzia mita kumi nje. Mzee ashike kamba kwa mkono mmoja akihitaji, au atembee kando yake kama anatumia mikono yote, na aseme "hapa" fimbo inapoinama zaidi. Fanyeni mara tano.

Hesabu alama zilizoangukia ndani ya mita moja ya ile ya kwanza. Kwa kubahatisha, kila jaribio lina nafasi kama moja katika 20. Akipata tatu kati ya tano, ana hoja. Mara nyingi alama hutawanyika kamba nzima, na hapo humhitaji mtu wa kukueleza.

Kuna wanaosema kitambaa huziba nguvu. Basi leta watafuta maji wawili wasiojuana, wapite kwa saa tofauti, macho wazi, kila mmoja ataje sehemu yake. Maji ni yaleyale.

## Akija na mashine yenye antena

Siku hizi wapo wanaokuja na kifaa kizuri cha plastiki, mpini wa bastola, antena inayogeuka. Kama kinategemea mkono wako na antena inazunguka huru, hiyo ni fimbo iliyovishwa koti. Ipime kwa hatua zilezile.

Usiogope bei yake. Kifaa kilichoitwa ADE 651 kiliuzwa Iraq kwa maelfu ya dola kimoja kama cha kugundua mabomu, kikatumika vizuizini Baghdad huku mabomu yakipita na watu wakifa. Ndani hakikuwa na kitu, na chanzo chake ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu cha bei isiyozidi dola 20. Muuzaji, James McCormick, alifungwa miaka 10 London mwaka 2013. Jaribio la maboksi kumi lingewaokoa wengi kwa asubuhi moja.

## Hatua ya 8: Sasa tafuta maji

Utasikia: "Lakini mzee huyu ametoa visima vingi." Inawezekana kabisa. Kwenye mchanga wa pwani, ukichimba karibu popote utakuta maji, na fimbo haiwezi kukosea. Tena mzee anaijua ardhi. Anaona mkuyu, anaona bonde lilivyolala, anakumbuka kisima gani hakikukauka mwaka wa njaa. Macho yake yanajua zaidi ya fimbo yake, na hayo ndiyo ya kumlipia. Mwambie aiweke fimbo chini, mtembee naye, akuonyeshe.

Kwenye miamba migumu ya katikati ya nchi hali ni nyingine. Maji hukaa kwenye tabaka la mwamba uliooza na kwenye nyufa, na ukisogea hatua chache unaweza kuyakosa. Huko fanya hivi:

Zungukia visima vyote vya jirani. Uliza kina, ladha, na kama hukauka. Uliza pia mashimo makavu yako wapi, maana hayo hakuna anayekutajia bila kuulizwa.

Nenda Bodi ya Maji ya Bonde lako. Kibali cha kuchimba utakihitaji kwao hata hivyo, kwa hiyo ulizia na kumbukumbu za visima vya eneo lako. Kwa Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na utatakiwa kuwa na ripoti ya mtaalamu aliyesajiliwa.

Lipia kipimo cha umeme wa ardhi. Utakitambua: vigingi vya chuma vinapigiliwa ardhini, nyaya ndefu zinavutwa, na mtaalamu anaandika namba nyingi kila anapopanua umbali. Mwombe ripoti yenye grafu na kina anachokitarajia, si kigingi tu. Kipimo hiki hakiyaoni maji. Kinapima jinsi ardhi inavyozuia umeme, na mtaalamu anatafsiri. Naye hukosea. Ila yeye unaweza kumdai namba alizosoma, ukampelekea mtaalamu wa pili azisome.

Kwenye mkataba na mchimbaji iandikwe nini kitafanyika shimo likiwa kavu. Wakati wa kuchimba, weka kiganja kimoja cha udongo wa kila mita tatu kwenye mfuko wake, na andika kina juu yake.

Maji yakitoka, usiyanywe kwa furaha. Pembezoni mwa Mlima Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa maji yana floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi, kupinda mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Karibu na bahari kuna hatari ya chumvi. Floraidi haina ladha wala harufu, na sijawahi kukutana na fimbo iliyodai kuisoma. Acha pampu ifanye kazi mpaka maji yawe safi, chukua chupa ya plastiki na si ya kioo, isuuze mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze hadi shingoni, andika jina la kisima na tarehe, na uifikishe maabara ya maji ya mkoa siku hiyohiyo.